Kabla Ulipie Lenzi, Uliza Ilitengenezewa Nani

Mwezi uliopita niliingia duka moja la miwani hapa town nikiwa na shida moja tu: lenzi zangu zilikuwa zimekwaruzika. Nikatoka nikiwa na shida tano.

Dada wa kaunta alikuwa mpole, hilo siwezi kumnyima. Akachukua karatasi yangu ya vipimo, akaiangalia, kisha akaanza maswali. Unafanya kazi gani? Nahariri video. Basi unahitaji ya kuchuja mwanga wa bluu. Unatembea juani? Nani Nairobi hatembei juani? Basi fotokromiki, zile hubadilika rangi. Unaendesha gari usiku? Hapana, mi hupanda mat. Sawa, lakini bado weka mpako wa kuzuia mng'ao. Na tupunguze unene ndio ukae smati. Akagonga kalkuleta, ikasoma Sh18,500. Na fremu bado haijaingia hapo.

Nikamwambia, "Wacha nifikirie." Nyote mnajua hiyo sentensi inamaanisha nini.

Tofauti ni kwamba mi nilienda kufikiria kweli, kwa sababu hiyo doo haikuwa yangu peke yangu. Mathe ni fundi wa nguo, ana kibanda na cherehani moja huko Githurai. Tangu mwaka jana amekuwa akiniita nimtungie uzi kwenye sindano. Yeye husema sindano za siku hizi zimepunguzwa matundu. Ana miaka 47. Januari ndio msimu wa yunifomu, na pesa ya miezi sita hutoka hapo. Nikinunua lenzi za elfu kumi na nane, yeye anangoja. Nikinunua za bei poa, tunaweza kwenda wote wawili kabla shule zifunguliwe.

Kwa hivyo nikakaa chini usiku tatu nikasoma historia ya kila kitu nilichotajiwa pale kaunta. Nilichopata ni hiki: karibu kila lenzi kwenye ile orodha ina mwenyewe. Kulikuwa na mtu fulani, na kazi fulani, na shida fulani, ndio ikatengenezwa. Ukishajua mwenyewe ni nani, ni rahisi kujua kama wewe pia ni huyo. Na kuna moja sikumpata mwenyewe kabisa. Tutafika.

Tuanze Italia. Februari 23, 1306, mtawa Mdominika anaitwa Giordano da Pisa alikuwa anahubiri Florence. Katikati ya mahubiri akasema haijafika miaka 20 tangu ufundi wa kutengeneza miwani upatikane, na kwamba yeye mwenyewe alimwona mtu aliyetengeneza ya kwanza na wakaongea. Jina hakutaja! Miaka 700 sasa wanahistoria wanakuna vichwa kwa sababu mhubiri mmoja aliruka jina. Ndio maana vitabu husema tu ilikuwa kama 1286, upande wa Pisa. Kumbukumbu za watawa wa Pisa zinaongeza kwamba huyo mtu wa kwanza hakutaka kufunza wengine. Ikabidi mtawa mwingine, Alessandro della Spina, aangalie, ajitengenezee zake, kisha afunze kila mtu bila choyo. Huyu alifariki 1313, na kwangu yeye ndiye shujaa wa hii stori.

Sasa sikia hizo lenzi za kwanza zilikuwa za nani. Zilikuwa za kubinuka, nene katikati na nyembamba pembeni, na hiyo aina husaidia mtu asiyeona karibu. Yaani hazikuwa za vijana wa skuli wala za watu wa skrini. Zilikuwa za watu kama mathe. Ukifika miaka ya arobaini, lenzi iliyo ndani ya jicho lako hukakamaa, haijipindi tena kama zamani, na kitu cha karibu kinaanza kukuwa ukungu. Hii hufika kila mtu, hata yule hajawahi kuugua macho maishani. Sasa fikiria karani wa kuandika kwa mkono, au mshonaji, au fundi wa dhahabu wa wakati huo. Umri wa miaka 45, ndio tu umefika kilele cha ufundi wako, ndio pia mikono inabaki inajua kazi na macho yanakataa. Vioo viwili na kipini katikati vikampa miaka mingine ya kazi.

Na kabla tuwasifu sana, soma hii. Mwaka 1300, Venice, chama cha mafundi wa fuwele kilitunga sheria ya kukataza watu kuuza kioo cha kawaida wakidai ni fuwele, na kati ya bidhaa zilizotajwa ni mawe ya kusomea na vioo vya macho. Mwaka uliofuata wakaruhusu vioo vya kusomea vitengenezwe kwa kioo cha kawaida, mradi uuze kama kioo cha kawaida. Miwani haijamaliza hata miaka 20 duniani na tayari kuna mtu anakuwekea kitu cha bei ya juu ambacho si chenyewe. Niliposoma hapo nikacheka peke yangu saa saba usiku.

Lakini ile barua iliyonimaliza ni ya 1462. Francesco Sforza, mtawala wa Milan, alimwandikia balozi wake Florence amnunulie dazeni tatu za miwani. Florence ndio ilikuwa inajulikana kwa miwani nzuri. Na jamaa hakusema tu "nitumie miwani". Alipanga. Dazeni moja ya kuona mbali, yaani ya vijana. Dazeni nyingine ya kuona karibu, ya wazee. Ya tatu ya macho ya kawaida. Akaeleza kwamba yeye mwenyewe hazihitaji, anashukuru Mungu, ni vile tu watu wa kwake wanamsumbua wakiomba. Miaka minne baadaye mwanawe Galeazzo akaagiza 200, zimepangwa kwa umri, hatua za miaka mitano mitano. Hao watu hawakuwa na mashine ya kupima macho. Hata nadharia hawakuwa nayo: ni mpaka 1604 ndio Johannes Kepler alieleza vizuri kwa nini lenzi ya kubinuka inamsaidia huyu na ya kubonyea inamsaidia yule. Lakini swali la kwanza walikuwa wanauliza sawasawa. Nani atazivaa, na anataka kuona nini?

Mi, kwa njia, ningepewa kutoka ile dazeni ya vijana. Mbali ndio sioni. Nikiwa darasa la sita nilikuwa nanakili ubao kutoka kwa daftari ya deskmeti wangu, na mwalimu akanihesabia hiyo kuwa kuiba majibu. Ilichukua miaka miwili mtu kufikiria labda nipimwe macho. Hiyo stori iko siku yake.

Twende kwa Benjamin Franklin, yule wa noti ya dola mia. Huyu ni mfano mzuri sana wa mtu kununua lenzi kulingana na maisha yake. Alikuwa mwakilishi wa Marekani huko Ufaransa, mzee, na alikuwa na miwani mbili: moja ya kusoma, moja ya mbali. Akisafiri anasoma kidogo, anataka kuangalia nje, anabadilisha. Anarudi kitabuni, anabadilisha. Ikamchosha. Akamwambia fundi akate lenzi zote katikati, aunganishe nusu na nusu kwenye fremu moja, ya mbali juu, ya karibu chini. Mei 1785, akiwa na miaka 79, alimweleza rafiki yake kwa barua, na sababu aliyoisifia zaidi ni ya mezani: akila na Wafaransa, alitaka kuona chakula kilicho mbele yake na pia nyuso za wanaoongea upande wa pili, kwa sababu Kifaransa chake kilimtaka aone midomo ikicheza ndio aelewe. Hiyo ndio baifoko. Ukipewa baifoko leo, umevaa shida ya mzee mmoja aliyekuwa anajaribu kufuata gumzo la mezani kwa lugha ya watu. Progresivu, zile hazina mstari katikati, ni mtoto wake: Mfaransa Bernard Maitenaz alizitoa 1959 na zikaitwa Varilux.

Hapa nikafikiria mathe. Kazi yake iko karibu, lakini mteja husimama mlangoni, na watu wakikuja kuchukua nguo ni lazima ajue huyu ni nani. Baifoko ingemfaa. Shida ni ngazi. Tunakaa ghorofa ya nne, lifti hakuna, na ukiangalia chini na baifoko unaangalia kupitia ile sehemu ya kusomea, kwa hivyo ngazi inakuwa ukungu. Franklin hakuwa akipanda Githurai na mtungi wa maji mkononi.

Kuna mwingine nitamtaja haraka kwa sababu yuko kwenye karatasi zenu wengi na hamjui. George Airy, mwanasayansi wa nyota Uingereza, aligundua kwamba jicho lake la kushoto halisaidii akisoma, na nukta ya mwanga kwa hilo jicho ilionekana kama mstari. Mwaka 1825 akapiga hesabu mwenyewe, akaenda kwa fundi wa Ipswich, akatengenezewa lenzi iliyopindwa kivingine upande mmoja. Hiyo shida ndio astigmatizimu. Kwa karatasi yako ya vipimo, ukiona namba chini ya CYL na nyingine chini ya AXIS, hizo ni za Airy. Zile za SPH ndizo za kuona mbali au karibu, alama ya kutoa kwa mbali na ya kujumlisha kwa karibu, na zinapimwa kwa dayopta, kipimo alichopendekeza daktari Mfaransa, Ferdinand Monoyer, mwaka 1872. Kama una CYL, miwani ya kusomea ya barabarani haitakumaliza shida hata ikiwa safi aje, kwa sababu haina hiyo hesabu ndani. Na hiyo karatasi ni yako. Usiiache dukani.

Sasa tufike ile orodha ya kaunta, kwa sababu karibu vitu vyote pale ni vya karne ya 20, na vingi vilianza mbali na macho ya watu wa kawaida.

Lenzi za rangi za kukinga macho: mwaka 1913 William Crookes alikuwa anatafuta kioo cha kukinga mafundi wa viwanda vya vioo, wale waliosimama mbele ya tanuru siku nzima na kupata mtoto wa jicho. Alijaribu michanganyiko zaidi ya 300. Wale polaroidi ni wa Edwin Land, Marekani, aliyeanza na patenti ya 1929. Kazi yao ni kukata mng'ao unaoruka kutoka kwa maji au lami. Mvuvi wa Ziwa Victoria angeona tofauti siku ya kwanza. Mimi ningeona tofauti pia, maana skrini nyingi za simu huwa giza ukizigeuza upande fulani ukiwa nazo, na simu ndio ofisi yangu. Fotokromiki zilitoka kampuni ya Corning miaka ya 1960. Hizo huamshwa na mionzi ya jua isiyoonekana, na kioo cha mbele cha gari huzuia mingi ya hiyo mionzi, kwa hivyo dereva wa mat akizinunua atashangaa kwa nini hazikolei akiwa kazini. Pia joto huzipunguza nguvu. Mtu wa Limuru atapata giza zuri kuliko mtu wa Mombasa, na wa Mombasa ndiye mwenye jua!

Plastiki ambayo wengi tumevaa, CR-39, ni ya 1940, na vitani ilisaidia kupunguza uzito wa tangi za mafuta za ndege za B-17. Vita vikaisha, mtu akatafuta kazi nyingine ya kuifanyia, na 1947 zikaanza kutoka lenzi zenye uzito wa karibu nusu ya kioo. Polikaboneti ni ya 1953, na ni ngumu kuvunjika kiasi kwamba mtoto, mchezaji, au fundi wa jua kali ndio wenyewe hasa. Lakini nyinyi wa kuchomelea vyuma, nisikilizeni: polikaboneti si kinga ya ule mwanga, na miwani ya jua ya mia tatu ndio kabisa. Nunueni ile ngao ya uso yenye kioo cheusi cha kazi hiyo.

Halafu mpako wa kuzuia mng'ao. Huu nilikuwa nimeupuuza, nikidhani ni urembo. Kumbe ni wa 1935, wa Alexander Smakula kule kampuni ya Zeiss, Ujerumani, na ulitengenezewa lenzi za kamera na darubini. Wajerumani wakauficha kama siri ya jeshi. Kamera! Mimi hurekodi nikiwa na taa ya duara mbele ya uso, na kila video yangu ya zamani ina maduara mawili meupe kwenye macho kama roboti. Hapo nikajiona. Hii ni yangu.

Kupunguza unene? Namba yangu ni kutoa 1.75. Lenzi nyembamba zina maana kwa mtu wa kutoa 5 au 6, ambaye za kawaida zingekuwa kama chini ya chupa. Kwangu ni kulipa elfu kadhaa kuondoa kitu ambacho hakuna mtu angekiona.

Imebaki ile ya bluu. Hii ndio sikumpata mwenyewe. Nilitafuta tanuru, nikatafuta meli, nikatafuta mzee mwenye kero. Nilichopata ni uuzaji. Mwaka 2017 kampuni moja kubwa ya miwani Uingereza ilipigwa faini ya pauni 40,000 na wasimamizi wa taaluma kwa tangazo lililopotosha watu kuhusu mwanga wa bluu. Mwaka 2023 watafiti wa Cochrane wakakusanya majaribio 17 na kuona kwamba, kwa muda mfupi, hizo lenzi huenda zisipunguze uchovu wa macho wa kompyuta ukizilinganisha na lenzi za kawaida. Macho huchoka mbele ya skrini kwa sababu tunasahau kupepesa, na kwa sababu tunakodolea kitu kimoja cha karibu masaa sita. Hakuna rangi ya kurekebisha hiyo. Mafundi wa Venice wa 1300 wangekuwa na sheria tayari.

Na binamu yake ndio inanitia wasiwasi zaidi: ile miwani ya manjano ya "kuendesha usiku". Kuna bro wa kwetu hubeba abiria na boda mpaka saa sita usiku, na amevaa hizo kwa sababu aliambiwa zinakata taa za magari. Mwaka 2019 watafiti wa Boston waliwaweka watu kwenye gari la majaribio, taa za mbele zikiwawakia, wakapima wanavyomwona mtu anayetembea barabarani. Lenzi za manjano hazikusaidia. Ukifikiria ni sawa tu: usiku mwanga hautoshi, na wewe unapunguza zaidi. Nilimwambia apimwe macho, kwa sababu taa zikikuwa na miale mirefu mirefu, mara nyingi ni CYL isiyorekebishwa. Amesema ataenda. Namfuatilia kila Ijumaa.

Kwa upande ule mwingine kuna lenzi isiyo na fasheni kabisa, ile ya Pisa, ya kubinuka, ya kusomea. Mwaka 2018 walichapisha jaribio la wachuma chai 751 wa Assam, India, wote wa miaka 40 na zaidi. Nusu walipewa miwani ya karibu, ya bei ya chini, na nusu wakangoja. Waliopewa wakachuma zaidi, tofauti ya zaidi ya asilimia 20 juu ya wenzao. Hawakufunzwa chochote kipya. Waliona tu majani. Mtu wa Kericho akisoma hapa anajua asilimia 20 ya kilo za siku ni nini.

Basi Jumamosi tulienda na mathe, duka lingine, tukapimwa wote wawili. Mimi nikachukua plastiki ya kawaida na mpako wa kuzuia mng'ao, basi. Yule wa kaunta akaniuliza kuhusu bluu, nikamuuliza inazuia nini hasa, akacheka akasema, "Wateja ndio huipenda." Angalau alisema ukweli. Zote mbili, na fremu zake, hazikufika hata ile Sh18,500 ya kwanza.

Mathe nilimweleza habari ya Franklin yote, nusu juu, nusu chini, chakula na Wafaransa. Akasikiza mpaka mwisho.

"Na huyo mzee alikuwa anashona?"

"Hapana, mum."

"Basi nipe ya sindano. Mlangoni nitauliza mtu jina."

Akachukua ya kusomea tu, kujumlisha 1.75, sawa na namba yangu lakini upande wa pili. Anaitoa akishuka ngazi. Ameifunga na uzi wa overlock, wa kijani kibichi, rangi ya sweta za shule ya jirani, na tangu Jumatatu hajaniita.